Mwaka Niliosikiliza Tope

Zuhura alinipigia simu Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa nakinga maji uani. "Mzee Maganda hatunaye," akasema. "Amezikwa jana alasiri kwao Ilongero. Mimi mwenyewe nimesikia leo hapa dukani." Nikamwambia asimwite hivyo. Akasema nimsamehe, maana mjini Singida watu wamelizoea jina hilo na wengi hawajui kwamba mzee yule aliitwa Athumani. Kweli hawajui. Jina hilo lilitokana na mimi kuliko mtu mwingine yeyote, na Zuhura, ambaye mwaka ule tulilala chumba kimoja, anaijua nusu tu ya habari. Nusu ya pili nimetembea nayo tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, na sasa nimestaafu ualimu na magoti yananiuma. Ndoo ilijaa ikamwagika mpaka jirani akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

Kesho yake, siku ya hitma, nilijifunga kanga, nikapanda bodaboda, nikaenda Ilongero. Ni safari fupi kutoka kwangu, na nalisema hili kwa aibu, kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi kuifanya kwa ajili yake. Nilipita kwenda mnadani, nilipita kwenda kwenye harusi za wanafunzi wangu wa zamani, na kila nilipoikaribia njia ya kwake niligeuza uso nikajidai natazama mashamba ya upande wa pili. Wanawake walinipokea vizuri, wakanisogezea nafasi mkekani na kunipa ungo wa mchele nichambue pamoja nao. Walizungumza kwa sauti za chini, Kiswahili kikichanganyika na Kinyaturu, na nyuma ya ukuta wanaume walikuwa wakinong'ona chini ya turubai. Nina udhaifu mmoja: nikisikia sauti za chini zinazopenya ukuta, akili yangu huondoka. Vidole vilibaki kwenye mchele, mwenyewe nikawa nimeshafika Sekenke.

Wazazi wangu, shule, na mambo ya nyumbani Ikungi nayaacha. Hayakuwamo katika mwaka ule. Mwaka ule ulikuwa na mnara mmoja wa chuma, rigi kama tulivyouita, uliosimama chini ya milima ya Sekenke, pale nchi inapoteremka na kulala tambarare kuelekea mbuga ya Wembere. Kampuni moja ilikuwa inatafuta mafuta. Mahali walipodhania pana mafuta palikuwa chini ya mlima wenyewe, na kwa kuwa juu ya miamba ile rigi isingeweza kusimama, waliiweka bondeni na kulipindisha shimo: lishuke wima kwanza, halafu liiname polepole mpaka liingie chini ya mlima. Watu wa Sekenke, ambao wamezoea mashimo ya dhahabu ya kuingia mtu mwenyewe na tochi yake, walikuja kututazama wakatucheka. Shimo gani hilo asiloingia mtu? Mimi nilikuwa na cheti kipya cha chuo cha ufundi, mkataba wa mwaka mmoja, na kiburi kidogo ambacho nilikiona ni akili.

Chumba chetu kilikuwa nusu ya kontena: vitanda viwili vya chuma, dirisha la ukubwa wa sinia, na pazia la kitenge alilolileta Zuhura kutoka kwao mjini. Zuhura alikuwa mkuu wa jikoni, mtoto wa wafanyabiashara, na hakuwahi kukubali kwamba jiko lililo ndani ya hema ni jiko. Kila jioni alifukiza udi ili kuipiga vita harufu ya dizeli, na mpaka leo nikisikia udi naisikia na dizeli nyuma yake. Nusu ya pili ya kontena ilikuwa ofisi ya Injinia Lugano, mkuu wetu, mtu wa Mbeya, mpole, mwenye sauti nzito. Kati yetu na yeye palikuwa na mbao nyembamba tu. Tuliyasikia yote aliyoyasema kwenye redio, tulimsikia akijibishana na watu wa makao makuu, tulimsikia hata akiimba nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa alipodhani tumetoka. Alasiri zile za kiangazi, bati likialika kwa joto na vumbi likiwa limesimama hewani bila kwenda kokote, nililala chali nikiyasikia maneno yake bila kuyafuata, na sijui kama nimewahi kupumzika hivyo tena.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Kule chini, zaidi ya kilomita moja ardhini, nyuma tu ya biti, yaani kile kichwa chenye meno kinachosaga mwamba, palikuwa na kifaa chembamba na kirefu kilichobeba vipimo. Kilijua shimo limeinama kiasi gani na linaelekea wapi. Shida ilikuwa namna ya kutuambia, maana waya usingedumu ndani ya mabomba yanayozunguka kutwa. Kilichokuwapo ni tope. Pampu zililisukuma tope ndani ya mabomba, likashuka mpaka kwenye biti, likapanda tena kwa nje likiwa limebeba unga wa mwamba. Kifaa kilikuwa na valvu ndogo. Kikitaka kusema, kiliibana njia ya tope kwa nukta moja, kisha kikaachia. Tope likibanwa kule chini, msukumo wake hupanda kwa wimbi, ndani ya tope lilelile linaloshuka, na kwa muda wa pumzi moja hivi unakuwa umeshafika juu. Pigo, kimya, pigo, pigo, kimya. Kibandani kwangu wimbi lilichorwa kwenye karatasi ndefu, na mpangilio wa mapigo ukawa namba. Mashine ilizisoma yenyewe, lakini ilibidi nizihakikishe kwa macho, kwa sababu pampu nazo zilikuwa na mitikisiko yao na mashine ilidanganyika haraka. Kisha nilimsomea Injinia namba kwenye redio, naye akaamua biti ielekezwe wapi. Shimo zima lilikwenda kwa kuyaamini maneno yangu.

Niliipenda kazi ile kwa namna ambayo sikumwambia mtu. Saa nane mchana, feni ikizunguka, mstari ukipanda na kushuka kwenye karatasi, nilikuwa nikiota huku macho yakiwa wazi. Nilimwona mtu kule chini, amekaa peke yake gizani, anagonga, anagonga, hajui kama anasikika. Nilimwonea huruma kabisa. Nilimjibu moyoni kwamba nipo, namsikia, aendelee. Miaka mingi baadaye nilikuwa nafundisha mawimbi kidato cha tatu, nikajikuta nimeanza kuwasimulia wanafunzi habari za mtu huyo, wakanitazama kama nimepungukiwa, nikafuta ubao nikawapa zoezi.

Aliyenifundisha kusikia hakuwa mhandisi. Alikuwa Mzee Athumani, fundi wetu wa tope, mtu aliyekwishachimba visima vya maji karibu kila kata ya mkoa huu kabla kampuni haijamwona. Hakufika mbali shuleni. Lakini alikuwa akilichota tope kwa kiganja, akaliacha lichuruzike vidoleni, akasema ni zito au jepesi, na kipimo cha maabara kikaja kusema vilevile. Aliniambia tope likiwa na povu, msukumo unafia njiani, hewa inaumeza. Na tangu siku hiyo nikiona mapigo yamefifia nilikwenda kwanza kutazama matangi. Wiki yangu ya kwanza, wakati vijana wa kwenye chekecheke, pale tope linapochujwa, walipokuwa wananiita "mtangazaji", alinishika mkono mbele yao akauweka juu ya lile bomba nene linalopandisha tope mnarani.

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Nasikia pampu, Mzee."

"Pampu ni hii isiyonyamaza. Iache ipite zake. Tafuta nyuma yake."

Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo. Kisha, chini ya ule mtetemo mkubwa, kikanigusa kitu kidogo, kimoja, kikapotea. Nikamwambia nimekipata. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia hicho ndicho nilichoajiriwa kukisikia, na nisije nikakidharau. Akaenda zake kwenye matangi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeniita mtangazaji tena.

Hakuna aliyeingia penye Mzee Athumani bila shikamoo, hata Injinia Lugano aliyekuwa bosi wake. Si kwamba aliidai; ilikuwa tu haiwezekani. Mimi nimelelewa hivyohivyo. Kwetu mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Ukiwa na neno, unamngoja apite pembeni, unainama kidogo, unaanza kwa kuomba radhi, na ikiwezekana unalisema kama swali ili jibu alitoe mwenyewe. Ni adabu nzuri. Nimewafundisha watoto wa watu adabu hiyo kwa miaka mingi, na kila nikiifundisha nilikuwa naisikia sauti yangu ikilegea kidogo mwishoni.

Chakula cha mchana tulikula hemani, kwenye meza moja ndefu: ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji aliyepikwa na Zuhura kwa viungo vya kwao, na maziwa mgando tuliyoletewa na wafugaji wa jirani. Mabishano hayakuisha. Vijana wa chekecheke, watatu, Wanyaturu wote, walibishana kama mafuta yakitoka yatakuwa ya gari au ya taa. "Ya kupikia tunayo tayari," mmoja akasema, "alizeti inatutosha, hao wazungu wa makao makuu waambiwe." Hata Injinia alicheka. Mzee Athumani alikula polepole, akisikiliza, na mara kwa mara alimsogezea mtu bakuli bila kusema kitu. Nikiukumbuka mwaka ule mzima, mara nyingi naikumbuka meza hiyo, na mwanga wa kijani uliopita kwenye turubai ukazifanya nyuso zetu zote kuwa za ndugu.

Mvua zilipoanza, mwamba ukaanza kunywa tope. Tulilisukuma likashuka, lakini halikurudi lote. Kule chini palikuwa na nyufa na tope likawa linapotelea humo. Magunia ya dawa ya kuziba yalikuwa yamekwama njiani na lori lake. Siku ya pili ya hali hiyo, tukiwa mezani, Mzee Athumani alinawa mikono, akajifuta, akasema: "Injinia, kwetu Ilongero, kwenye mashine za kukamua, kuna lundo la maganda ya alizeti. Hayana mwenyewe. Tukiyatia kwenye tope yataingia kwenye nyufa, yatakaa." Injinia akanigeukia. "Tabitha, kifaa chako kitayapitisha hayo?" Nilikuwa najua kwamba mdomoni mwa kifaa pana chujio, na matundu yake ni madogo kuliko punje ya mtama. Nilikuwa najua pia kwamba maganda ya mashineni huja na mashudu, na mashudu yakilowana yanavimba na kunata. Nilitaka kusema tuyachekeche kwanza, tuyaloweke siku moja tuone. Lakini Mzee alikuwa amekwisha kusema, mbele ya watu wote, na alinitazama kwa upole bila shaka yoyote. Nikasema, "Yatapita."

Na yalifanya kazi, ndicho kilichotuponza. Lori lilikwenda Ilongero likarudi na magunia, tukayamwaga, na siku ya tatu tope likaanza kurudi lote, zito, lenye harufu ya mashine za kukamulia. Injinia Lugano alimshika Mzee mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote. Zuhura alichinja kuku sita. Vijana walimwimbia Mzee wimbo wa kwao huku wakigonga sufuria, naye alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama miguu yake, akitabasamu kwa haya, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini. Nilifurahi kwa ajili yake mpaka machozi yakanilengalenga. Nasema hivi ili ieleweke kwamba nilimpenda.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, mapigo yalianza kufifia. Nilikwenda kutazama matangi. Hapakuwa na povu. Nikarudi. Mstari ulikuwa unalala, unalala, mpaka saa nne pale palipokuwa na mapigo pakabaki mtikisiko wa pampu peke yake. Nilijua mara moja ni nini. Mzee Athumani alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai, akiwaeleza vijana wawili wa chekecheke jinsi alivyolipata wazo la maganda, nao walikuwa wamemtolea macho. Redio ikaita. "Tabitha, nipe namba." Kusema kifaa kimenyamaza kulikuwa ni kusema kimezibwa, na kusema kimezibwa kulikuwa ni kumwambia Mzee pale pale, mbele ya vijana waliomwimbia, kwamba ameharibu. Ningeweza kumwambia kwa Kinyaturu, lakini hao vijana walikuwa Wanyaturu kama sisi. "Tabitha, nakusubiri." Nikatazama namba zilizotangulia. Zilikuwa zinapanda kidogo kidogo, kwa kiasi kilekile. Nikaongeza kiasi hicho, nikazisoma. "Nimepata," Injinia akajibu, na kazi ikaendelea.

Niliamua kumwambia Mzee pembeni wakati wa chakula. Wakati wa chakula alikuwa amezungukwa. Nikaamua alasiri, na alasiri alikuwa kwenye matangi na watu. Redio ikaita tena, nikaongeza tena. Nilisoma namba zangu mwenyewe siku ile na siku iliyofuata, na kinachonitisha mpaka leo ni jinsi nilivyokuwa nimetulia. Feni ilizunguka. Karatasi ilitoka na mstari wake mtupu, mimi nikiutazama na kuona kama nauona unacheza. Yule mtu wangu wa gizani alikuwa hasemi, na mimi nilikuwa nasema kwa niaba yake, kwa sauti nzuri, bila kukwama.

Siku ya tatu biti iliisha makali na mabomba yote yakavutwa juu. Kifaa kilipofunguliwa, mdomo wake ulikuwa umejaa bonge la kijivu la maganda na mashudu, gumu, ukilivunja linanukia mafuta mabichi. Hilo peke yake lisingekuwa kitu kikubwa, chujio husafishwa. Lakini kifaa kile kilikuwa na kumbukumbu yake, kilijiandikia ndani kila kipimo hata kama hakikuweza kukituma. Nililijua hilo tangu chuoni. Nilikuwa nimelisahau kwa makusudi, kama mtu anavyoweza kusahau. Injinia alikiunganisha mezani kwake, na mimi na Zuhura chumbani tukasikia kiti chake kikisogea, kisha akaniita. Alimwita na Mzee Athumani, ambaye alikuja na kofia yake mkononi, akidhani anakuja kujibu kuhusu maganda tu.

"Tabitha," Injinia akasema, "shimo limegeuka kushoto. Limeupa mlima mgongo. Sehemu yote ya siku hizi tatu itabidi tuimwagie saruji tuchimbe upya. Kifaa kinasema kilikuwa kimeziba tangu Jumatatu. Namba ulizokuwa unanisomea zilitoka wapi?"

Mzee Athumani alinitazama. Nilimwona akiirudia Jumatatu kichwani, kikombe chake, mlango wangu, wale vijana wawili, redio iliyoita mara mbili. Aliona yote. Halafu akamgeukia Injinia.

"Ni mimi," akasema. "Alitaka kukwambia kifaa kimenyamaza, nikamkataza. Nikamwambia asome tu, kitaamka chenyewe. Maganda ni yangu na maneno ni yangu."

Injinia Lugano alikuwa anampenda Mzee kama sisi wote. "Tabitha, ni kweli?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Sikulazimishwa, sikutishwa, hakuna aliyenikonyeza. Asubuhi yake Mzee Athumani, akiwa ameachishwa kazi, aliondoka na lori la maji. Nilimbebea kifurushi chake mpaka pale, nikimngoja anigombeze, nikiomba anigombeze. Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani." Akapanda. Zuhura, aliyesikia mazungumzo yote kupitia ukuta, aliniambia jioni ile kwamba kumbe mzee naye ana ukaidi. Udi ulikuwa unafuka kati ya vitanda vyetu, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Shimo lilikamilika, halikutoa mafuta, rigi ikafunguliwa ikapakiwa. Nilipewa barua nzuri, nikasoma ualimu, nikapanga Singida mjini. Vijana wa chekecheke walirudi makwao na hadithi ya mzee aliyetia alizeti kwenye kisima cha mafuta kisha akadanganya namba, na hadithi ilipofika sokoni ikawa na jina lake tayari. Alipojaribu kurudia kazi yake ya visima vya maji, wanakijiji walimcheka: Mzee Maganda, usije ukatukaangia kisima. Akaacha. Alilima mpaka mwisho. Niliyasikia hayo yote kidogo kidogo, dukani, hospitalini, kwenye foleni, na kila mara nilikata kauli kwamba Jumamosi nitakwenda Ilongero. Jumamosi ni nyingi sana katika maisha ya mtu.

Hapo mkekani nilirudishwa na kicheko. Dada wa marehemu, bibi mmoja mwembamba aliyewazidi wote umri, alikuwa ameamua kuwachangamsha waliofiwa kwa hadithi ya kaka yake na alizeti. Aliisimulia vizuri, kwa mikono, na wanawake walicheka kwa huruma, mmoja akijifuta macho. "Mkaidi yule," akasema bibi, "akamwambia na binti wa watu adanganye." Mbele yangu alikuwapo mkubwa, amekwisha kusema, na watu wote wanasikiliza. Nikauweka ungo chini.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Haikuwa hivyo."

Nikawaeleza. Niliwaeleza kuhusu chujio, na mezani, na Jumatatu, na namba nilizozitunga mwenyewe, na jinsi Mzee alivyojitwika yasiyokuwa yake, na jinsi nilivyoulizwa waziwazi nikasema ndiyo. Bibi alibaki na mkono wake hewani, kisha akaushusha. Nilikuwa nalia bila kujificha, na nyuma ya ukuta wanaume nao walikuwa wamenyamaza.

Mjane, Mama Hadija, alikuwa amekaa eda chumba cha ndani, mlango wazi. "Mwalimu," akaniita, "njoo huku." Nikaingia, nikapiga magoti, nikamwamkia. Alikuwa amekaa juu ya godoro ameegemea ukuta, uso mkavu, na alinitazama bila kunipa pole wala kunilaumu.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Alinieleza siku aliyorudi, kabla hajavua viatu."

Nikamuuliza kwa nini basi yeye na mzee hawakusema, watu walipokuwa wanamcheka hivyo.

"Alikataa. Alisema jambo ni lako, utalisema wewe. Mtu akikusemea atakuwa amekuvunjia heshima." Akaiweka kanga yake vizuri begani. "Mimi nilikuwa nakuona sokoni. Unaniamkia mbiombio, unashika kapu lako unaondoka. Nikirudi hapa ananiuliza, 'Vipi yule binti?' Namwambia, 'Bado.' Mwaka unapita, ananiuliza. Namwambia, 'Bado.' Hata wiki hii, hawezi kunyanyua kichwa, ameniuliza."

Akatazama upande wa pili wa godoro, mahali palipokuwa pamekunjwa shuka.

"Leo ndiyo nimepata jibu jingine," akasema, "na sina wa kumpa."